Wasomaji Wanauliza: Bendera, Uzalendo na Kupinga Serikali Marekani

SWALI: Shikamooni wahariri. Niko kidato cha tano, Masasi. Mada ya mdahalo wetu ni "Mmarekani anayechoma bendera ya nchi yake si mzalendo", nami nimepangiwa upande wa kupinga. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzia Dallas, mwaka 1984. Gregory Lee Johnson alichoma bendera wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Republican, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 2,000. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilimpa haki kwa kura 5 dhidi ya 4. Bunge likatunga sheria mpya mwaka huohuo, na 1990 mahakama ikaibatilisha nayo, tena kwa 5 dhidi ya 4.

Hapa ndipo wasemaji wengi huteleza. Mahakama haikusema Johnson ni mzalendo. Ilisema alichofanya ni kutoa maoni, na serikali haiwezi kumfunga mtu kwa sababu tu maoni yake yanawachukiza wengine. Ukidai majaji walimsifu, wapinzani wako watakumaliza kwa swali moja.

Kete yako nzito ni ya 1943. Watoto wa Mashahidi wa Yehova huko West Virginia walifukuzwa shule kwa kukataa kuipigia bendera saluti. Mwaka 1940, katika kesi ya aina hiyohiyo, mahakama ilikuwa imeziunga mkono shule kwa kura 8 dhidi ya 1. Mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ikajikosoa: 6 dhidi ya 3, mtoto asilazimishwe. Isisitize sana hii, kwa kuwa heshima inayotolewa kwa kuogopa kufukuzwa haithibitishi mapenzi ya mtu kwa nchi yake.

Jiandae pia kuulizwa kuhusu Eugene Debs, mwanasiasa wa chama cha Kisoshalisti. Juni 1918 alihutubia Canton, Ohio, akipinga Vita vya Kwanza vya Dunia. Akahukumiwa kifungo cha miaka 10, na Mahakama ya Juu ikakubali. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa gerezani, akapata kura zaidi ya 900,000. Kwa hiyo usiseme Marekani imewalinda wapinzani siku zote. Si kweli.

SWALI: Hapa barazani Mikindani tunabishana. Kama katiba yao inalinda maoni, mbona Colin Kaepernick, yule mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyepiga goti, alikosa timu?

JIBU: Wazee wetu, Marekebisho ya Kwanza, yaani kifungu cha katiba yao kinacholinda maoni, yanaifunga mikono serikali, hayamfungi mwajiri binafsi. Kaepernick alipiga goti wimbo wa taifa ulipopigwa mwaka 2016, kupinga ukatili wa polisi na ubaguzi. Mwanzoni alikuwa akikaa kitini. Mwanajeshi wa zamani, Nate Boyer, ndiye aliyemshauri apige goti, kwa kuwa askari hupiga goti kwenye kaburi la mwenzao. Hakushtakiwa popote, ila tangu 2017 hakuna timu iliyomsajili.

Shule ya serikali ni habari nyingine. Wanafunzi wa Des Moines, Iowa, waliosimamishwa masomo kwa kuvaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, walishinda mwaka 1969 kwa kura 7 dhidi ya 2.