Maswali na Majibu: Parameta ya Kundi Zima na Takwimu ya Sampuli

Swali: Wastani ni wastani. Kwa nini kitabu changu huuita mara parameta, mara takwimu ya sampuli?

Kwa sababu hesabu ni ileile, ila kinachohesabiwa si kilekile. Ukijumuisha thamani ya kila mmoja katika kundi zima unalolichunguza, wastani unaoupata ni parameta, nayo ni namba moja isiyobadilika hata kama hakuna anayeijua; ukijumuisha wale uliowateua tu, umepata takwimu ya sampuli, ambayo huenda ingekuwa nyingine kama ungeteua wengine. Chukua kundi la namba tano: 2, 4, 6, 8 na 10. Wastani wake ni 6. Ukichota namba mbilimbili, 2 na 4 zitakupa 3, ilhali 8 na 10 zitakupa 9, na kati ya jozi 10 zinazowezekana ni mbili tu zinazotoa 6 kamili. Hata hivyo, ukitafuta wastani wa majibu yote 10 utarudi palepale kwenye 6, na hapo ndipo sampuli inapopata haki ya kuaminiwa. Alama nazo hutenganishwa: μ ya Kigiriki kwa kundi zima, x yenye mstari juu yake kwa sampuli.

Swali: Je, namba za sensa ni parameta?

Kwa kusudio, ndiyo. Wakirukwa watu au wakihesabiwa mara mbili, namba iliyochapishwa hubaki kuwa kadirio tu.

Swali: Kwa nini varianzi ya sampuli hugawanywa kwa n − 1?

Varianzi ni kipimo cha mtawanyiko: unajumlisha miraba ya umbali wa kila thamani kutoka kwenye wastani, kisha unagawanya kwa idadi ya thamani, ambayo kwa sampuli huandikwa n. Kwenye sampuli tunapunguza moja kwa sababu hatuujui wastani wa kweli, hivyo tunapima umbali kutoka kwenye wastani wa sampuli yenyewe, ambao daima huwa katikati ya data zake, na mtawanyiko huonekana mdogo kuliko ulivyo. Kundi la 2, 4 na 6 lina varianzi ya 8/3. Ukichota namba mbili, ukirudisha ya kwanza kabla ya kuchota ya pili, kuna sampuli 9. Ukigawanya kwa n, wastani wa varianzi zake ni 4/3, yaani nusu ya ukweli, na ukigawanya kwa n − 1 unapata 8/3 barabara.

Swali: Sampuli ikiwa kubwa sana, si tofauti itakwisha?

Itapungua, mradi uteuzi uwe wa nasibu, tena polepole: kosa sanifu la wastani, yaani kiasi ambacho wastani huyumba kwa kawaida kutoka sampuli moja hadi nyingine, ni mchepuko sanifu (kipeuo cha pili cha varianzi) uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha n, kwa hiyo kulipunguza kwa nusu kunadai sampuli kubwa mara nne. Uteuzi ukiegemea upande mmoja, wingi hausaidii kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na wengi walioandikiwa hawakujibu. Fomula ya kosa sanifu isingeliona tatizo hilo, kwani hupima kuyumba kwa bahati peke yake, nayo kwa majibu mengi kiasi kile ingetoa kosa dogo mno.