Mama hana kumbukumbu, kaka anataka dole gumba lake

SWALI: Shikamoo mama wakili. Mi niko Moshi, Majengo, naishi na mama, ni mwalimu mstaafu na baba alishafariki. Tangu mwaka juzi mama anasahau sana, majuzi kampa kijana wa bodaboda laki tatu akidhani ni mjukuu wake. Pensheni nilikuwa naitoa mi kwa kadi yake, nanunua dawa na pampasi, sa kadi imeisha muda na benki wanamtaka mwenyewe, tukamkokota mpaka kaunta kusaini akashindwa, wakasema tulete karatasi ya mahakama. Huku kaka mkubwa katoka Arusha na mkataba kashauandika, anataka mama aweke dole gumba kihamba cha Kibosho, yaani shamba la familia, kiuzwe, eti hela ya matibabu. Nikasema basi tufungue mirathi, akanicheka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Kwenye mirathi kaka yako yuko sawa, mirathi ni ya marehemu, mama yenu yuko hai na mali ni yake. Ila hilo dole gumba ndo balaa. Sheria ya Mikataba inataka mtu awe anaelewa anachokubali na anaweza kupima kitamfaa au kitamuumiza, asipoelewa mkataba hauna nguvu hata mwenyekiti agonge mihuri kumi, na huyo mnunuzi anaweza kulia na hela yake. Wapo watakaokwambia kaandikisheni hati ya uwakilishi, ile ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yake, nayo hiyo hapana, anayeitoa lazima awe na akili timamu siku anayosaini, na hata angekuwa aliitoa zamani ingekufa akili ilipomtoka.

Njia iliyopo ni Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, mahakama inateua msimamizi wa mali za mgonjwa. Anzeni hospitali, KCMC au Mawenzi, na ukifika kwa daktari usiridhike na karatasi yenye jina la ugonjwa tu, mwombe aandike kama mama anaweza kusimamia hela zake au hawezi, maana wapo wazee wanachanganya majina ya wajukuu ila ukimpunja chenji mia mbili anakurudisha dukani. Ripoti hiyo ndo moyo wa maombi yako mahakamani, ambatanisha na kiapo, taarifa ya akaunti na karatasi za kihamba kama zipo. Fanyeni kikao cha familia mwandike muhtasari, na kaka naye aitwe, ukimficha atakuja na pingamizi mkae miezi.

Hakimu au jaji akikuuliza maswali mengi usikasirike. Yule mwanamuziki wa Marekani, Britney Spears, mahakama ya Los Angeles ilimweka chini ya usimamizi 2008, baba yake akashika hela, na muda wote huo binti anapanda jukwaani anaingiza mamilioni, kaja kuachiwa Novemba 2021 baada ya kulalamika mbele ya jaji dunia nzima ikisikia. Kumnyang'anya mtu mzima mamlaka juu ya jasho lake si jambo dogo, mi naona bora waulize sana.

Ukiteuliwa, hela inabaki ya mama. Tunza risiti, hata za pampasi, mahakama itataka hesabu. Na kihamba huuzi wala huweki rehani mpaka mahakama iruhusu, kwa hiyo kama kweli kaka anawaza matibabu aje aeleze huko, ni shilingi ngapi na hospitali gani.

Kwa sasa mwandikie barua mtendaji wa kijiji kule Kibosho kwamba mama anaumwa na hawezi kuuza kitu, nakala mpe huyo mnunuzi kama unamjua, wakusainie kwamba wamepokea. Kama hela ya wakili hakuna, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, msaada wa bure kwa asiyejiweza upo kisheria tangu 2017.