Kinywaji cha Mabibo kwa Joto la Kaskazi: Pombe Kidogo, Tunda kwa Wingi

Anayefika Mtwara mwezi wa Novemba hupokewa na joto linalomlazimisha kubadilisha shati kabla ya adhuhuri, na kila apitapo kwenye mikorosho hukutana na harufu ya mabibo, yale matunda yenye korosho, yaliyoanguka. Watu wengi wa kwetu huyakamua mabibo hayo wakapata uraka, pombe ya maji yake yaliyochacha, na wapo wanaouendeleza uraka huo mpaka ukawa gongo. Mimi nimeshika njia nyingine: nayaloweka katika pombe ya kiwandani, natia shira nikapata likeri, kisha natumia vijiko vichache tu vya likeri hiyo katika bilauri kubwa yenye ndimu, barafu na maji ya soda.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliyakata mabibo, nikayatia chupani yalivyo na kuyaacha wiki mbili, nikiamini kwamba kadiri yatakavyokaa ndivyo yatakavyonoga. Shemeji yangu alionja, akakunja uso, akakaa kimya akijilamba midomo iliyomkauka, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeloweka magome. Ukakasi ule hutokana na tanini, kile kinachokausha mdomo, iliyomo katika bibo, nayo huzidi kutoka kadiri tunda linavyokaa ndani ya pombe. Tangu hapo naushughulikia ukakasi kwanza, kabla ya kuigusa chupa.

Chukua mabibo kama kumi yaliyoiva, ya asubuhi ileile, kwa kuwa bibo halilali. La jana huwa limeanza kuchacha. Zinyonyoe korosho kwa mkono, wala usipitishe kisu karibu nazo, maana ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi na hayafai kabisa kufika kwenye kinywaji. Kata vipande vinene, nyunyiza kijiko kidogo cha chumvi, subiri nusu saa, suuza, halafu vifukize kwa mvuke dakika kumi hivi na uviache vipoe. Anayekula bibo kwa chumvi chini ya mkorosho anaijua siri hii tayari. Mvuke ndio nyongeza. Vaa nguo ya zamani, kwani doa la bibo halitoki.

Vipande vikipoa, vitie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana na umimine mililita 500 za Konyagi, ambayo kileo chake ni asilimia 35, ukihakikisha kwamba hakuna kipande kinachoelea juu. Siku tatu zinatosha. Chuja kwa kitambaa cha pamba na uache kidondoke chenyewe, kwani ukikamua utaurudisha ukakasi ulioukimbia. Tafadhali usitumie gongo hata kama unamwamini anayelipika: nguvu yake haijapimwa, na huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Shira ni gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji, pamoja na punje tatu za iliki zilizopondwa, vichemke mpaka sukari iyeyuke. Ikishapoa kabisa, ichanganye na ile pombe iliyochujwa. Utapata likeri ya asilimia 20 hivi, yenye rangi ya asali nyepesi.

Kwa bilauri moja, pima vijiko vitatu vya mezani vya likeri, kamulia ndimu moja, tia bua la mchaichai lililopondwa kidogo, jaza barafu, na mwishowe umimine mililita 200 za maji ya soda taratibu, kwa kupitishia ubavuni mwa bilauri ili gesi isipotee. Hesabu yake inaangukia kwenye asilimia tatu na kitu, chini ya bia nyingi za kawaida. Barafu igandishe katika bakuli kisha uivunje mapande makubwa, kwa sababu vipande vidogo huyeyuka upesi na kukuachia maji matamu yasiyo na ladha. Wengine hupenda kuongeza tangawizi. Kwangu mimi tangawizi humfunika bibo, na kama ni hivyo heri utumie nanasi, ambalo halihitaji chumvi wala mvuke.

Kwa kuwa nyumba zetu za pwani huwa na wageni wasiotumia kilevi, huandaa mtungi wa pili wa shira, ndimu na mchaichai bila likeri, nikauweka kwenye meza yake na bilauri zake, ili mtu asilazimike kuuliza.

Vile vipande vinavyobaki kwenye kitambaa bado vina kileo cha kutosha, kwa hiyo vifukie. Mimi nilivitupa uani, kuku wa jirani wakavila, na jioni ile nilikwenda kuomba radhi huku jogoo wake akishindwa kupanda kichanjani.