Kwa wanaoanza kazi ya picha ndogo za kale: jina la mchoraji lisubiri

Mgeni akikabidhiwa picha ndogo ya kale ya mtoto, swali lake la kwanza ni, "Nani kaichora?" Nawasihi msilikimbilie. Ijueni picha kwanza.

Tazameni imechorwa juu ya nini. Uingereza ya karne ya 16 walitumia ngozi ya ndama iliyolainishwa sana, ikabandikwa kwenye kipande cha karata za kuchezea. Pembe za ndovu zilikuja mwanzoni mwa karne ya 18, na mchoraji Rosalba Carriera wa Venice, Italia, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Ukiletewa mtoto aliyechorwa kwenye pembe, ukaambiwa ni mkono wa mchoraji Hans Holbein aliyefariki 1543, jibu unalo kabla hujamtazama usoni.

Halafu someni maandishi, na hapa msione uvivu. Holbein aliwachora wana wawili wa Duke (lodi mkubwa) wa Suffolk, Uingereza, Henry na Charles Brandon, kila mmoja katika duara dogo linaloenea kiganjani. Picha hizo zimo katika hazina ya sanaa ya ufalme wa Uingereza. Ya Charles ina mwaka 1541 na umri wa miaka 3. Ya Henry ina umri wa miaka 5 na mwaka 1535. Mwenye pupa ataandika kwamba ilichorwa 1535, kumbe Henry alizaliwa Septemba mwaka huohuo! Mwaka ule ni wa kuzaliwa. Kila tarehe ipimeni kwa umri uliotajwa na kwa kumbukumbu za familia. Kumbukumbu hizohizo zinatueleza pia kwamba ndugu hawa walifariki siku moja, Julai 1551, kwa ugonjwa wa kutoka jasho. Mimi kila nikiwatazama, naona ni haki yao tuwaandikie umri wao sawasawa.

Upande wa utunzaji, msifute uso wa picha kwa kitambaa chenye unyevu, wala kwa mate. Ni rangi za maji, zitatoka. Mwanga mkali huzififisha, na pembe hupinda hewa ikikauka ghafla. Mkiona vitone vya unyevu upande wa ndani wa kioo, huenda kioo chenyewe kinaharibika na kutoa chumvichumvi zinazodhuru rangi. Msifungue fremu kwa kisu. Mpelekeeni fundi wa uhifadhi mapema, bila kuibana.