Mwanangu kakwama kisiwani, nimsaidieje?

SWALI: Habari dada mhariri, kijana wangu ana miaka 9, anko wake kamletea kitabu cha Kiingereza kinaitwa The Phantom Tollbooth. Kuna mtoto, Milo, kila kitu kinamboa, siku moja anakuta kifurushi kina kibanda cha kulipia ushuru wa barabara, anapita hapo na kagari kake anatokea nchi ya ajabu. Sasa wangu kakwama kwenye kisiwa ambacho watu wanafika kwa kuruka tu, haelewi kwa nini na mimi pia sielewi. Nimtafutie kingine? Mama J, Morogoro.

JIBU: Mama J usimnyang'anye jamani! Hajakwama kwa uzembe, hiyo nchi yote imejengwa kwa misemo ya Kiingereza, kila msemo umegeuzwa mahali. Waingereza mtu akikurupuka kuamua kabla hajajua mambo wanasema "karuka" mpaka kwenye uamuzi, ndo maana Milo akiropoka tu anajikuta kisiwani, na kurudi lazima aogelee Bahari ya Maarifa. Hapo mwambie asome polepole, Milo anatoka amelowa chapachapa ila mwenzake, lile dude linalojifanya linajua kila kitu, linatoka kavu kabisaaa. Mimi hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Na yule mbwa mwenye saa ubavuni ni hivyohivyo, kwa Kiingereza neno la saa ya mkononi na la kulinda ni moja, kwa hiyo mbwa mlinzi kawa mbwa saa. Kuna mji maneno yanauzwa sokoni na herufi unaonja, A tamu, Z kavu kama unga wa mbao, na mji mwingine namba zinachimbwa mgodini, almasi zikitokea wanazitupa pembeni maana wanachotaka ni namba. Miji yenyewe inagombana kipi bora, maneno au namba, na mabinti wawili waliosema vyote ni sawa wakafungiwa kwenye ngome iliyoko hewani, Milo ndo anaenda kuwatoa.

Aliyeandika ni Norton Juster, msanifu majengo wa Marekani, alipewa hela aandike kitabu cha kufundisha watoto kuhusu miji akajikuta anaandika hiki, kikatoka 1961. Michoro na ile ramani ya mwanzoni ni ya Jules Feiffer, walikuwa majirani Brooklyn, mwache mtoto aifuatilie kwa kidole kila Milo anapofika.

Halafu leo usiku mpe misemo yetu. Mwambie kuna mzee amekula chumvi nyingi, kuna jamaa ana mkono wa birika, achore wanakaa wapi, nyumba zao zikoje, barabara ya kufika huko inapita wapi. Akishachora mbili tatu mrudishe kwenye kile kisiwa, ataelewa mwenyewe bila wewe kumtafsiria.