Jibu: Mgonjwa hakumbuki alivyovamiwa, nianzie wapi?
Habari sista. Umesema mgonjwa wako alivamiwa na majambazi, hakumbuki tukio, na ndugu wanamhoji kila wanapokuja kumwona.

Kabla ya kusema ni mshtuko wa akili tu uliomsahaulisha, hakikisha kichwa hakikuumia: pima fahamu kwa GCS (alama za anavyofungua macho, anavyoongea na anavyosogeza viungo), angalia mboni za macho na sukari, uliza kama anatapika. Yakiwa sawa, wakataze ndugu kumhoji (polisi nao wasubiri). Kumbukumbu ikirudi ghafla anaweza kutaka kujidhuru, kwa hiyo mwulize hilo waziwazi. Wodini kwetu tunamtajia siku, mahali na jina la muuguzi wa zamu, basi. Akianza kusimulia mwenyewe, andika maneno yake yalivyo, usimjazie mapengo. Mambo ya dawa yapo nje ya uwezo wangu, mwone daktari wa akili.