Nikiruka vidonge siku moja, naweza kunywa mbege?

SWALI: Shikamoo dada mfamasia. Nina miaka 34, ni fundi aluminiamu hapa Dar es Salaam. Mwezi wa nane usingizi ulinipotea, chakula hakipiti, nikawa nashinda nimekaa kibandani bila kugusa kazi. Hospitali waliniambia ni sonona, wakanipa amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja usiku, baadaye viwili. Sasa nina nafuu. Desemba tunapanda nyumbani Kibosho, mtoto wa dada yangu ana kipaimara, na mbege itaanza kunywewa asubuhi. Nyumbani hakuna anayejua kuwa nameza dawa. Nimewaza siku hiyo niruke vidonge, ninywe na ndugu zangu, kesho yake niendelee. Jioni mimi ndiye nitakayewashusha wazee mjini kwa gari la Noah. Kuna ubaya?

Msomaji, Mbezi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya safari, maana wengi huniuliza baada ya kuanguka.

Hilo la kuruka vidonge nalisikia kila mwaka Desemba ikikaribia, na nalielewa. Mtu anaona dawa na pombe ni wageni wawili wasiopatana, basi akimzuia mmoja mlangoni, mwingine ataingia salama. Mwili haufanyi hivyo. Vidonge vya jana na juzi bado vimo kwenye damu. Kwa watu wengi, saa 24 baada ya kumeza amitriptilini, karibu nusu yake ingali mwilini, na wewe umekuwa ukiongeza juu yake kila usiku kwa miezi. Wanaotumia fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ndiyo kabisa, ile hukaa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukiruka, utakunywa mbege juu ya dawa vilevile, na usiku huo utakuwa umeunyima ubongo wako dozi yake. Umepoteza kotekote.

Amitriptilini ina tabia ya kulegeza. Inaleta usingizi, inapunguza wepesi wa kushtuka, na inashusha presha ukisimama ghafla. Nadhani unakijua kile kizunguzungu cha kutoka kitandani asubuhi. Pombe nayo inafanya hayohayo matatu, na zikikutana kila moja inaisukuma mwenzake. Bia mbili ulizokuwa ukizibeba zamani bila shida zinaweza kukulaza kama nne.

Nina kaka yangu wa tumbo moja. Miaka kadhaa iliyopita alipewa dawa hiyohiyo, na mimi ndiye niliyemfungia. Niliandika kwenye bahasha "1 x 1 usiku", nikamwambia asile na kuacha ovyo, tukaongea habari za mama, akaenda. Sikumuuliza kuhusu pombe. Wiki ile alikunywa bia tatu kwenye msiba wa jirani, akarudi, akameza kidonge, akalala. Saa tisa usiku aliamka kwenda chooni. Shemeji yangu alisikia kishindo, akamkuta mlangoni, nyusi imepasuka, damu imechora hadi kwenye kizingiti, na yeye hajui yuko wapi. Alishonwa nyuzi tano. Kovu lile naliona kila tukila naye, na tangu siku hiyo hakuna bahasha ya dawa ya sonona inayotoka mikononi mwangu kabla sijauliza: unakunywa nini, na kiasi gani?

Sasa mbege yenyewe. Bia ya chupa imeandikwa nguvu yake. Mbege haina maandishi. Ndizi, ulezi na msesewa, lile gome chungu la mti, vinaendelea kuchacha ndani ya pipa, ya asubuhi ni tamu, ya jioni ni kali, na kata haina kipimo. Tena dawa yako inakausha mdomo, utaona kiu ya mara kwa mara, na kinywaji kitakuwa kimekaa mbele yako. Na wewe ndiye dereva, barabara ya mlimani, wazee nyuma. Hapo sina maneno laini: siku hiyo usinywe hata kata moja.

Sisemi kila anayetumia dawa za sonona hatagusa bia maisha yake yote. Wapo wanaotumia fluoksetini, wametulia kwa miezi, na daktari wao amewaruhusu moja ya mara mojamoja. Hilo linaamuliwa na anayekufahamu, nawe umwambie ukweli. Mtu anakunywa sita, kwenye chumba cha daktari anasema mbili, basi ushauri anaopewa ni wa mtu mwingine. Lakini ujue pombe yenyewe inarutubisha sonona. Inakupa usingizi wa saa tatu, halafu inakuamsha usiku wa manane, mawazo yote yakiwa macho. Na aliyewahi kuwaza kujidhuru, pombe inamwondolea ule woga unaomshika mkono. Kama mawazo hayo yamewahi kukujia, mwambie mtu leo, nenda hospitali leo, na vidonge akutunzie mwenzako, kwa sababu amitriptilini nyingi kwa mpigo inasimamisha moyo.

Neno kwa wengine mnaosoma: kama unakunywa kila siku, na usipokunywa mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla peke yako nyumbani. Unaweza kupata degedege. Hospitali wana dawa za kukuvusha siku hizo.

Ndugu zako nao? Huna deni la kumsimulia kila mtu ugonjwa wako. Kata ikifika, ipokee kwa mikono miwili, gusa mdomo, mpe anayefuata. Wazee wanaangalia kama umepokea, hawahesabu mafunda. Ukibanwa, sema unaendesha na una dawa za tumbo, kisha shika soda yako mapema, maana mwenye glasi mkononi haongezwi. Ila natamani dada yako, mama wa mtoto, umwambie ukweli kabla ya siku hiyo. Mtu mmoja anayejua atakukinga na wajomba kuliko uongo wowote nitakaokufundisha mimi.

Vidonge usiku huo meza kama kawaida, ukishafika na gari limezimwa. Usijisikie umepona ukaviacha. Nafuu uliyonayo inahitaji miezi kadhaa zaidi ya dawa, na siku ya kuacha ikifika utapunguziwa taratibu. Kabla hujapanda, hesabu vidonge vya siku zote za likizo na uongeze vya siku tatu, barabara ya Desemba unaijua. Vibebe kwenye mkoba wa mkononi, visikae kwenye begi lililo kwenye buti ya gari.